Mapumziko ya kibanda cha mbao chini ya mlima: mwongozo kamili kwa waliochoka kufika usiku na kulala na baridi

Malalamiko ninayoletewa baada ya safari hizi yanafanana kama pacha. Walifika giza limeshaingia, mwenye ufunguo hapatikani, kuni zimelowa, godoro lina unyevunyevu, mtoto analia kwa baridi. Asubuhi ya pili kila mtu ana hamu ya kurudi nyumbani. Msitu ulikuwa mzuri, ila hakuna aliyepata nafasi ya kuuona.

Kosa halikutokea kule juu. Lilitokea wiki kadhaa nyuma, pale mtu alipopenda picha, akalipia kibanda, kisha ndipo akaanza kujiuliza atafikaje na atalalaje. Hapa tutapanga kinyumenyume: tunaanza na muda wa kufika kibandani, halafu tunarudi nyuma hadi simu ya kwanza. Kanuni ni moja na nitairudia bila haya: ufike zikiwa zimebaki angalau saa mbili za mwanga.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

Usinunue kitu chochote mpaka umalize Hatua ya 2, kwa sababu majibu ya mwenye kibanda yatafuta nusu ya orodha hii au kuiongeza. Lakini isome sasa ujue unachokitafuta.

Mwanga. Tochi ya kichwani kwa kila mtu, pamoja na betri za akiba. Tochi moja ya familia nzima ni chanzo cha ugomvi: anayekwenda chooni anaichukua, na anayepika anabaki gizani.

Kulala. Begi la kulalia au blanketi mbili nzito kwa kila mtu, shuka, godoro jembamba la povu la kutandika chini, na soksi kavu ambazo hazivaliwi mchana kabisa.

Mavazi. Fulana ya ndani isiyo ya pamba, sweta la sufu au la kitambaa kizito cha manyoya, koti la mvua lisilopitisha maji, kofia ya kufunika masikio, suruali ndefu mbili, na viatu vyenye soli ya meno.

Moto na jiko. Viberiti viwili katika mifuko tofauti, mfuko wa vijiti vikavu vya kuwashia, na jiko dogo la gesi hata kama umeambiwa jikoni kuna kila kitu.

Maji. Madumu safi yenye vifuniko vinavyobana, sufuria moja ya kuchemshia maji tu, na kitambaa safi cha kuchujia.

Huduma ya kwanza. Plasta, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, dawa ya maumivu, chumvi ya kuongeza maji mwilini kwa anayeharisha, kibano chenye ncha nyembamba, dawa ya kufukuza wadudu, na dawa za kila siku za kila mtu zikiwa na akiba ya siku mbili za ziada.

Gari. Tairi la akiba lenye upepo (lipime, usilitazame tu), jeki, spana ya magurudumu, kamba ya kuvutia, koleo fupi.

Vidogo vinavyosahaulika. Filimbi kwa kila mtu, kamba ya mita 10, mifuko ya taka, karatasi za chooni, kisu, pawabenki, na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu namba zote za simu muhimu. Simu ikizima, namba zilizo ndani yake zinazima nayo.

Viwili viache nyumbani. Cha kwanza ni jiko la mkaa la kupashia chumba joto. Sababu utaiona Hatua ya 7. Cha pili ni kuni za kutoka mbali, kwa kuwa mbao na magogo hubeba mayai ya wadudu na kuvu ambavyo msitu unaokwenda huenda haujawahi kuviona.

## Hatua ya 1: Chagua mahali kabla ya kuchagua kibanda

Tafuta mwinuko wa eneo kwa mita. Kwa wastani joto la hewa hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kama mjini kwako ni mita 300 na kibanda kiko mita 1,800, tofauti ni mita 1,500, yaani karibu nyuzi 10. Usiku wa nyuzi 20 kwako ni usiku wa nyuzi 10 kule, na hapo bado hujahesabu upepo.

Kisha tazama kibanda kimekaa wapi kwenye mteremko. Hewa baridi ni nzito. Usiku wa mbingu safi huteremka taratibu na kujikusanya bondeni kama maji. Kibanda cha kando ya kijito kinavutia kwenye picha, lakini mara nyingi kile kilichopanda kidogo ubavuni mwa kilima kina usiku wenye joto zaidi, unyevu mdogo na mbu wachache. Cha bondeni kina hatari nyingine pia: mvua ikinyesha huko juu, kijito hufura hata kama kwako hakujadondoka tone.

Angalia na upande wa mlima. Upande unaopokea upepo wenye unyevu hupata mvua na ukungu zaidi, na upande wa pili huwa mkavu. Ndiyo sababu vibanda viwili vilivyo kwenye mlima mmoja, kilomita chache kwa ramani, vinaweza kuwa na hali ya hewa tofauti kabisa.

*Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja:* kibanda kiko mita kadhaa, ubavuni au bondeni, na usiku natarajia nyuzi kadhaa.

## Hatua ya 2: Simu ya maswali

Hapa ndipo safari nyingi huokolewa au kuuawa, kwa hiyo usiharakishe. Tenga nusu saa, shika kalamu, piga simu. Ujumbe wa maandishi hautoshi, maana mtu anayeandika anachagua la kujibu.

Siri iko katika namna ya kuuliza. Ukiuliza “Kuna maji?” utajibiwa “Yapo.” Hilo halikusaidii lolote. Uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana:

- Maji yanatoka wapi, na mara ya mwisho yalikatika lini? Yananyweka hivihivi au yanachemshwa?
- Choo kiko hatua ngapi kutoka mlangoni? Kina taa?
- Vitanda ni vingapi, vya upana gani, na magodoro yalianikwa lini?
- Chumba kinapashwa joto kwa kitu gani? Kama ni jiko la kuni, lina dohani inayotoka nje ya paa, na ilisafishwa lini?
- Kuni zinahifadhiwa wapi, zimefunikwa, na kiasi gani kimo ndani ya bei?
- Umeme unatoka wapi? Kama ni wa jua, siku mbili za mawingu mfululizo hutokea nini?
- Barabara ya mwisho ni ya namna gani, na gari la mwisho kukwama lilikuwa la aina gani?
- Mtandao wa simu unapatikana wapi hasa: kitandani, barazani, au ukipanda kilima?
- Ufunguo nitapewa na nani, kwa jina, na asipokuwepo nimpigie nani?
- Wanyama gani hufika kibandani?

Swali la gari lililokwama nalipenda kuliko yote. Watu hutetea barabara yao, lakini kisa cha gari lililokwama hawawezi kujizuia kukisimulia, na ndani ya kisa hicho unapata ukweli wote: mwezi gani, kona ipi, walivutwa na nini.

Mwombe pia picha tatu zilizopigwa siku hiyohiyo: choo, jiko, na kipande kibaya kuliko vyote cha barabara. Picha za tangazo zilipigwa siku kibanda kilipokuwa kipya. Mwenye kibanda mwaminifu hukasirika kidogo kisha anatuma. Anayekwepa mara mbili, muache.

Tahadhari: Usitume arubuni kabla hujapata kwa maandishi tarehe, idadi ya watu, vilivyomo ndani ya bei, na masharti ya kurudishiwa fedha ukiahirisha kwa sababu ya mvua. Uliza pia kama eneo ni hifadhi yenye kibali cha kuingia, na kama kuwasha moto nje kunaruhusiwa msimu huo. Wakati wa kiangazi misitu mingi hupigwa marufuku ya moto, na marufuku hiyo haijali kwamba umeshanunua nyama ya kuchoma.

*Umefanikiwa:* una karatasi moja yenye majibu kumi, jina la mtu wa ufunguo, na namba mbili za simu.

## Hatua ya 3: Hesabu muda kwa kurudi nyuma

Usiulize “Tuondoke saa ngapi?” Uliza “Giza linaingia saa ngapi kule?” kisha uondoe.

Mlimani jua huwahi kujificha. Linazama nyuma ya mgongo wa mlima mapema kuliko saa iliyoandikwa kwenye kalenda, na chini ya miti mikubwa kiza hutangulia tena. Tuseme machweo ni saa 12:30 jioni. Kwa msituni hesabu saa 12:00. Ondoa saa mbili: unatakiwa uwe mlangoni saa 10:00 jioni.

Sasa safari yenyewe. Lami saa 3. Kilomita 18 za vumbi na mawe, saa 1. Kusimama kula na kujinyoosha, dakika 45. Akiba ya pancha, ukungu au kupotea njia, saa 1. Jumla saa 5 na dakika 45. Kwa hiyo gurudumu linageuka nyumbani saa 4:15 asubuhi, na kufungasha kunakamilika usiku wa kuamkia siku hiyo.

Hiyo saa moja ya akiba ndiyo wanayoiondoa wote, halafu ndiyo inayowaadhibu. Mara yangu ya kwanza niliiondoa mimi mwenyewe kwa sababu “barabara naijua.” Barabara niliijua kweli, ila mti ulioanguka katikati yake sikuujua. Tulifika saa tatu usiku, tukapakua vitu kwa mwanga wa simu, na ndoo ya chumvi na sukari tuliikuta asubuhi katikati ya njia, imetembelewa na siafu.

*Umefanikiwa:* muda wa kuondoka umeandikwa, na kila anayesafiri ameusoma.

## Hatua ya 4: Watu

Fupi. Watu wanne hadi sita wanatosha kibanda kimoja. Kila mtu awe na kazi moja yenye jina lake: maji, moto, chakula, vitanda. Asiyependa baridi na asiyependa wadudu ajue ukweli kabla ya kuchanga hela, si baada. Mjulishe mtu mmoja anayebaki nyumbani mahali mnapokwenda, siku ya kurudi, na saa ambayo akiwa hajasikia kutoka kwenu aanze kupiga simu.

## Hatua ya 5: Maji na chakula

Kwa maji ya kunywa na kupikia, weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Kuosha vyombo na kuoga ni hesabu nyingine. Watu wanne kwa siku mbili ni lita 32, na hata kama umeambiwa bomba lipo, fika na maji ya siku ya kwanza yote. Bomba la mlimani huziba kwa majani baada ya mvua moja.

Maji ya kijito yanaonekana safi kama kioo na bado yakakuharibia tumbo, kwa sababu hujui mnyama gani amelala huko juu. Yachuje kwa kitambaa, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu, uhesabu dakika 1 kamili. Ukiwa juu ya mita 2,000 hesabu dakika 3. Sababu ni hii: kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Kwenye mita 1,800 maji yanatokota yakiwa karibu nyuzi 94.

Jambo hilohilo linagusa sufuria yako. Maharage makavu yanayoiva nyumbani kwa saa moja na nusu, kule yatakula gesi yako yote yakiwa bado yanagonga meno. Yaloweke usiku kucha, au uyapike nyumbani kabisa.

Chakula cha usiku wa kwanza kiwe kimeshapikwa, cha kupasha moto tu. Hii si anasa. Usiku wa kwanza mmechoka, jiko hamlijui, na njaa ndiyo inayofanya watu wazima wagombane kuhusu nani amesahau kopo la chai. Weka pia chakula cha siku moja ya ziada kisichohitaji kupikwa, kwa ajili ya barabara kufungwa.

Neno moja kuhusu gesi: mtungi mdogo wenye butani tupu hulegea baridi inapokaribia nyuzi 0, kwa kuwa butani inaacha kugeuka mvuke. Kwa sehemu za baridi kali tafuta mtungi wenye mchanganyiko wa propani.

*Umefanikiwa:* siku ya kwanza mnaweza kula na kunywa bila kuwasha kuni wala kufungua bomba.

## Hatua ya 6: Kufungasha, na saa ya kwanza kibandani

Kinachohitajika kwanza kiingie garini mwisho. Tengeneza mfuko mmoja tu unaoitwa mfuko wa kwanza: tochi zote, makoti ya mvua, karatasi za chooni, kiberiti, kisu, maji ya lita 5, na chakula cha usiku. Uukalie miguuni ukilazimika. Mvua ikiwakuta mlangoni, mfuko huo peke yake unawatosha kwa saa nzima.

Nguo na blanketi zifungwe ndani ya mifuko ya plastiki kabla ya kuingia begini. Begi linaloitwa lisilopitisha maji lina zipu, na zipu hupitisha.

Mkiteremka mlima kwa gari, tumieni gia ndogo injini ilibebe gari. Breki zinazokanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto na kupoteza nguvu, na harufu ya kuungua ndiyo onyo lenu la mwisho.

Mkifika, mtu asikimbilie picha. Saa ya kwanza ina mpangilio wake:

1. Fungueni milango na madirisha yote kwa dakika kumi na tano. Hewa iliyofungiwa ina unyevu, na buibui nao wanahitaji nafasi ya kuhama.
2. Inueni magodoro, mkung’ute mashuka, mmulike chini ya vitanda na nyuma ya rundo la kuni. Kuni msizichukue kwa kutia mkono gizani. Sogezeni gogo kwa fimbo kwanza. Nyoka na nge hupenda mahali pakavu kama nyinyi.
3. Fungueni bomba, jaribuni choo, washeni taa. Kasoro yoyote ipigiwe simu sasa hivi, wakati mwenye kibanda bado yuko macho.
4. Ingizeni ndani kuni za usiku mzima.
5. Tandikeni vitanda.
6. Tembeeni hadi chooni na kurudi kukiwa bado na mwanga, kila mtu, na watoto wakiwemo. Usiku miguu itaikumbuka njia.

*Umefanikiwa:* giza linaingia mkiwa mmekaa barazani, vitanda vimetandikwa, na hakuna anayetafuta kitu.

## Hatua ya 7: Moto na usiku wa kwanza

Sehemu hii isomwe na kila mtu anayesafiri, wala si kiongozi peke yake.

Usiingize jiko la mkaa, wala jiko la kuchomea nyama, wala jiko la gesi la kambi, ndani ya chumba cha kulala kwa ajili ya joto. Moto unaowaka mahali penye hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi umekwisha, mkaa umekuwa mwekundu na unapendeza, na hapo ndipo unapoua. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemea.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu wa ghafla. Watu wawili au zaidi wakilalamika kichwa kwa wakati mmoja, msianze kugawana vidonge: tokeni nje wote, hesabuneni, kisha tafuteni msaada wa daktari. Kuna kengele ndogo za betri zinazogundua gesi hii. Kama kibanda kina moto wa ndani wa aina yoyote, kuwa nayo.

Jiko la kuni lenye dohani ni jambo tofauti, ila nalo lipimwe. Fungua kizuizi cha dohani, washa karatasi moja tu, utazame moshi. Ukipanda juu, endelea. Ukirudi chumbani, kuna kiota cha ndege au masizi, na usiku huo hakuna moto wa ndani. Mtavaa zaidi, basi.

Kuwasha kwenyewe kunawashinda wengi kwa sababu wanaanza na gogo. Anza na vijiti vya unene wa njiti ya kiberiti, vingi, ujazo wa viganja viwili. Fuatisha vya unene wa kidole, kisha vya unene wa kifundo cha mkono. Kuni kavu zikigonganishwa hulia kwa mlio mkali, na mbichi hutoa mlio mzito na moshi mweupe. Ikiwa zote zimelowa kwa nje, zipasue kwa shoka: moyo wa gogo mara nyingi ni mkavu.

Moto wa nje uwe mahali palipokwisha kuandaliwa, mbali na ukuta, nyasi na matawi yanayoning’inia, na ndoo ya maji iwe kando yake kabla haujawashwa.

Sasa kulala. Baridi inayowaamsha watu saa tisa usiku hutoka chini kuliko juu, kwa sababu uzito wa mwili unabonyeza blanketi au begi na kuondoa hewa inayohifadhi joto. Ndiyo maana nilisema godoro la povu. Blanketi la pili likikosa kazi juu, litandike chini.

Kabla ya kulala badilisha nguo zote ulizoshinda nazo, hata kama unaziona kavu, zina jasho. Kula kitu kidogo. Nenda haja ndogo. Jaza maji ya moto kwenye chupa imara, kaza kifuniko, ivishe soksi, iweke miguuni. Vaa kofia, lakini usiingize uso ndani ya begi, kwa maana pumzi yako ina maji na alfajiri utakuwa umelowa. Simu na betri zilale nawe humohumo, kwani baridi hupunguza nguvu za betri.

Tahadhari: Mtu aliyelowa anaweza kupata ubaridi wa hatari wa mwili hata pakiwa na nyuzi 10, hasa penye upepo. Ukimwona anatetemeka bila kujizuia, anaongea kwa kukokota maneno na mikono inashindwa kufunga kifungo, mvue nguo mbichi, mfunike mwili na kichwa, mpe kinywaji cha moto kitamu kama anaweza kumeza. Pombe hapana. Kutetemeka kukikoma huku bado amechanganyikiwa, hiyo ni dharura.

*Umefanikiwa:* unaamshwa na ndege.

## Hatua ya 8: Matembezi msituni

Kadiria muda kwa kanuni ya Naismith: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 6 yenye kupanda mita 300 ni dakika 72 na dakika 30, yaani karibu saa 1 na dakika 42 bila kupumzika. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye nguvu. Mkiwa na watoto, au njia ikiwa na mizizi na tope, ongeza nusu yake.

Ondokeni asubuhi. Katika milima mingi jua la mchana hupasha miteremko, hewa hupanda, na mawingu ya radi hujengeka alasiri. Wekeni saa ya kugeuka, na ikifika mgeuke hata kama kilele kinaonekana. Najua inauma.

Mkiona umeme, hesabuni sekunde hadi mngurumo. Kila sekunde 3 ni karibu kilomita 1. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko karibu vya kutosha kuwapiga. Ingieni kwenye jengo lililofungwa au ndani ya gari, msubiri dakika 30 baada ya mngurumo wa mwisho. Mkiwa mbali na vyote viwili, shukeni kutoka kwenye mgongo wa mlima na mkae mbali na mti uliosimama peke yake.

Kijito chenye kasi kilichopita magoti hakivukwi, hata kama gari mnaliona ng’ambo.

Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani, kisha mzime mtandao mkiwa njiani, maana simu inayotafuta mnara hunyonya chaji haraka. Mkipotea, kaeni. Aliyepotea akiendelea kutembea anapanua eneo la kutafutwa. Pigeni filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, mnyamaze dakika moja, mrudie. Jibu la waokoaji ni milio 3. Namba 112 hufanya kazi kwenye simu za mkononi katika nchi nyingi, lakini namba ya dharura ya mahali mnapokwenda iwe kwenye karatasi yenu.

Mkirudi, kaguaneni kupe: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Kupe akiwa amejishika, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute wima polepole bila kumzungusha, kisha osha. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta. Ukipata homa au upele wiki zinazofuata, mwambie daktari kwamba uling’atwa.

## Hatua ya 9: Choo, taka na wageni wa usiku

Pasipo choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua sabini au zaidi kutoka kwenye maji, njia na kibanda, kisha ulifukie. Karatasi zirudi nawe.

Chakula chote, pamoja na dawa ya meno na sabuni yenye harufu, kilale ndani ya chombo kinachofungwa au ndani ya gari lililofungwa madirisha. Kamwe kisilale hemani wala barazani. Mnyama akizoea kula kwa wageni huwa hatari kwa wageni wajao, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa. Usimlishe hata nyani mdogo anayekuomba kwa macho.

## Hatua ya 10: Kuondoka

Moto haujazimika kwa sababu hauwaki. Mwagia maji, koroga majivu kwa kijiti, mwagia tena, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu. Ukisikia joto, rudia. Upepo wa mchana unaweza kufufua kaa moja lililofunikwa na majivu.

Funga gesi na bomba. Piga picha za vyumba vyote mkiwa mmesafisha. Ni ushahidi wako kuhusu arubuni. Taka zote ziondoke nanyi, na maganda ya matunda pia.

Kisha, kabla ya kuwasha gari, mpigie yule mtu uliyemwachia ratiba umwambie mnatoka. Kama mtandao haupo, panda kile kilima ulichoambiwa kwenye simu ya kwanza.